Picha za Eliya, Vioo Vyangu

Wiki iliyopita nilimkabidhi mwanafunzi wangu Rajabu ufunguo wa studio, na yeye na wenzake wakaniomba niwaandikie niliyojifunza katika kazi ya kupiga picha hapa Kilosa. Wakasema nianze mwanzo, niende taratibu, nisiruke. Sawa. Ila mapato na vyeo sitaviandika, kwa sababu mapato yalikuwa madogo na cheo kilikuwa kimoja tu, fundi picha, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nitaandika habari za nyuso za watu. Na nitaandika habari za Eliya wa Mikumi, ambaye amenitia wivu tangu ujana wangu hadi leo ninaposhika kalamu hii. Nilijaribu kuanza bila kumtaja, nikaona karatasi imejaa habari za dawa na maji.

Niliingia kazini muda mfupi kabla ya Uhuru. Nilikuwa nimeteremka kutoka Kisanga, nimemaliza shule ya misheni, najua kusoma, kuhesabu na kuimba besi. Studio ilikuwa karibu na stesheni, na mwenyewe aliitwa Fundi Habibu, mtu wa Tabora. Yeye alikuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam, akashuka Kilosa kununua ndizi, treni ikamwacha. Ndivyo alivyosimulia, na ndizi zenyewe alisema hazikuwa tamu.

Siku ile ya kwanza hakunionyesha kamera. Alinipa ndoo na kipande cha kaniki akaniambia nikachote maji mtoni, kisha niyachuje, nikimaliza niyachuje tena. Nyinyi mnaopeleka filamu za rangi Morogoro zikasafishwe kwa mashine hamjui shida ya maji. Mto Mkondoa wakati wa masika unakuja na tope la milima yote, na tope likikauka juu ya filamu, bwana harusi anatoka na ndui. Nilichuja maji mpaka mikono ikanuka mto. Baadaye nikafundishwa dawa ya kutoa picha na dawa ya kuikazia, na kutozichanganya, jambo ambalo nililijua vizuri baada ya kuzichanganya.

Kamera ya Fundi Habibu ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu. Fundi anajifunika kitambaa cheusi, anamtazama mteja kwenye kioo cha nyuma, na mteja anaonekana kichwa chini miguu juu. Nyuma ya kiti kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari na chungu cha maua. Ukutani tulitundika koti, tai na saa ya mkononi isiyotembea, kwa ajili ya wateja wasio navyo. Vibarua wa mkonge wa Kimamba walikuwa wakivaa koti lile mmoja baada ya mwingine, picha wanazituma kwao. Naamini kuna vijiji huko bara ambako kila nyumba ina picha ya koti letu.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya mlangoni. "Stefano," aliniambia, "mteja akiingia, salamu kwanza. Mkubwa mpe shikamoo yake palepale, tena inama vizuri. Halafu mkalishe. Kamera ndiyo ya mwisho. Mtu asiyesalimiwa hakai kwenye kiti, anakaa kwenye hasira." Nikaishika sheria hiyo kama amri ya kanisani. Kwetu Kisanga haikuwa jambo geni, mtoto aliyempita mkubwa bila kumsalimu alirudishwa kwa fimbo, akasalimu huku analia.

Sasa niwaeleze shida iliyonitesa. Mzee anateremka kutoka milimani amevaa kanzu yake ya Jumapili. Mlangoni nampa shikamoo, anaitika, anacheka, ananiuliza habari za nyumbani, ananitania kwamba nimekonda kwa kukosa mke. Uso mzuri kabisa, umejaa mtu. Nikimkalisha na kujifunika kitambaa, uso ule unaondoka. Anabaki mtu anayesubiri hukumu. "Mzee, legeza uso," namwambia kutoka chini ya kitambaa. Ananijibu, "Umelegea hivihivi." Basi napiga, nakwenda kwenye filamu na penseli yangu iliyochongwa kama sindano, nafuta makunyanzi, naongeza mwanga kidogo machoni. Anatoka kijana zaidi na bado anasubiri hukumu. Wateja hawakulalamika. Walidhani picha ndivyo ilivyo, na mimi karibu nidhani hivyo pia.

Fundi Habibu alipochoka alirudi Tabora, na safari hii treni haikumwacha. Studio akaniachia mimi. Kitu cha kwanza nilichofanya nikiwa mwenye nyumba ni kumwita mama yangu kutoka Kisanga nimpige picha. Nilikuwa na sababu. Mama alikuwa na uso mmoja ninaoujua tangu utoto. Nikirudi kutoka shule ya bweni, nainama mbele yake na kumsalimu, anaitika, na nikiinua macho naukuta uso huo bado haujaondoka. Siwezi kuueleza. Ulikuwa uso wa mtu aliyepewa kitu chake. Nikataka niupate kwenye karatasi.

Mama akaja na khanga mpya. Nikampokea mlangoni kwa adabu zote, nikamkalisha, nikajifunika. Nilipomwonyesha picha aliishika mbali, kisha karibu.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi sina ukali huu, baba."

Nikampiga tena mwaka uliofuata, na baadaye tena. Kinyozi hajinyoi, nilijiambia, lakini maneno hayo hayakunituliza. Nikaapa kwamba kabla mama hajaondoka duniani nitampiga picha moja yenye uso ule. Katika kazi yangu yote hilo ndilo nililolitaka. Mengine yalikuwa riziki.

Eliya alitokea wakati ule ule. Barabara kubwa ilikuwa inapita Mikumi, malori yanaongezeka, wageni wa mbuga wanasimama kunywa chai. Kijana huyu alikuwa akifua nguo za wageni, na mmoja wao alimwachia kamera ya macho mawili, ile ya kutundika tumboni na kuitazama kwa juu. Hakuwa na studio. Alitundika shuka kwenye ukuta wa hoteli ya chai, kando ya barabara, akaweka kigoda, akaanza kazi. Hakuwahi kuchuja maji ya mtu yeyote.

Habari zake zilinifikia kwa mlango mbaya. Kilosa nzima mimi ndiye niliyekuwa na vioo vya kuwekea picha, nilikuwa natengeneza fremu kwa mbao za masanduku ya chai. Siku moja mama mmoja akaniletea picha ya babu yake nimtilie kioo. Nikaitazama kama fundi. Shuka lilikuwa na kunjo. Bega moja limekatwa. Mwanga umetoka upande mmoja, makunyanzi yote yapo, hakuna penseli iliyopita. Nikafungua mdomo niseme kazi mbovu, nikashindwa, maana yule babu alikuwa ananitazama mimi Stefano kana kwamba ananifahamu na amefurahi kuniona. Roho iliniuma palepale, mkono bado umeshika nyundo.

"Nani kapiga?"

"Eliya wa Mikumi. Picha nzuri, eh?"

"Shuka lake halikupigwa pasi," nikamwambia.

Zikaja nyingine. Mkulima, mwashi, mkunga, bibi asiye na meno. Watu wanapanda lori hadi Mikumi wakapigwe, kisha wanarudi Kilosa kwangu niwatilie kioo. Nilizifunga zote kwa mikono yangu, na fremu nilizitengeneza vizuri, kwa sababu wivu ni wivu lakini kazi ni kazi. Usiku wake sikulaumu mtu, nililaumu lenzi. Nikaamini kamera yake ina lenzi ya pekee. Nikauza baiskeli nikanunua ya aina ileile kwa Mhindi aliyekuwa anafunga duka Morogoro. Nikampiga nayo mama. Akatoka mkali vilevile, ila mdogo zaidi.

Basi nikaanza kuwadodosa madereva wa malori. Eliya anafanyaje kazi? Anawapa watu kitu? Anawachekesha? Wote walinipa jibu moja, nalo lilinifurahisha sana. Walisema Eliya hana adabu. Mzee mzima anafika, amevua kofia, yeye anamwambia "kaa hapo" bila shikamoo, anaendelea kufuta kamera yake. Mikumi walimwita Eliya Mkavu, kwa ukavu wa macho. Habari hiyo niliikunja nikaiweka moyoni, na kila nilipofunga picha yake nzuri niliitoa nikajiliwaza nayo.

Nilikutana naye ana kwa ana alipokuja Kilosa kutafuta karatasi za picha. Alikuwa mdogo wangu, mtu anaona bila kuuliza. Nikasimama nyuma ya kaunta nikisubiri shikamoo yangu.

"Habari za kazi, fundi?" akasema, na kunyoosha mkono kama vile tumekwenda jando pamoja.

"Nzuri," nikasema. Karatasi nilikuwa nazo. Nikamwambia zimekwisha.

Kisha likaja lililonivunja. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na mkutano Mikumi, mama akaenda nao. Aliporudi alipitia studio, nikamsalimu mlangoni, akaitika, akakaa, akafungua fundo la khanga na kutoa bahasha.

"Baba, nitilie hii kioo."

Sikuhitaji kuuliza aliyeipiga. Nililiona shuka. Halafu nikauona uso. Ule ule. Uso wa mimi kurudi kutoka bweni, uso wa mtu aliyepewa kitu chake, umewekwa kwenye karatasi na kijana wa kufua nguo. Nilijikaza kisabuni nisilie mbele ya mama.

"Alikufanyia nini mpaka ukatoa uso huu?"

"Hakunifanyia kitu. Nilikaa pale nimemkasirikia, maana hana adabu yule kijana, amenikalisha kimya kama mzigo. Kisha akanisalimia. Basi."

"Kisha akapiga?"

"Sijui alipiga saa ngapi. Baba, mbona umenuna?"

Jibu lote alinipa, nami nililishika kwa mkia. Nilisikia "hana adabu" nikaacha mengine yapite. Mtu mwenye wivu ana masikio ya kuchagua. Picha nikaitia kioo, mama akaitundika sebuleni kwake Kisanga, na zangu akaziweka kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Alisema huko hazitapata vumbi.

Miaka ya vijiji vya ujamaa ofisi ya wilaya ilitaka picha za viongozi wa vijiji vipya. Wakaniita mimi, na kwa kuwa kazi ilikuwa kubwa wakamwita na Eliya, tugawane. Kijiji cha Tindiga tulikwenda pamoja kwenye lori moja, katikati yetu magunia ya mbegu. Sikusema neno njia nzima, na yeye aliimba. Kijijini watu wengi walikuwa wamehamia majuzi tu, hawajazoea hata mlango unatazama wapi. Wengine walikuja kwa moyo, wengine waliletwa. Nyuso zilikuwa ngumu hata kabla ya kamera, na mimi nilifikiri, leo nitamwona Eliya akishindwa kama watu wengine.

Miongoni mwa wa kupigwa picha alikuwepo mzee mmoja, kiongozi wa wafugaji, mrefu, shuka begani, fimbo mapajani. Boma lake lilikuwa limesogezwa ili mashamba ya kijiji yakae pamoja, na hakuficha alivyoliona jambo hilo. Huyo tuliambiwa tumpige sote wawili, ofisi ichague. Nilianza mimi. Nikamwamkia kwa heshima, nikamkalisha, nikajifunika kitambaa. Nilipiga picha ya fimbo na kisogo cha moyo wake.

Akaja Eliya. Hakumsalimu. Alisimamisha miguu ya kamera, akaisogeza, akairudisha, akafuta lenzi kwa shati. Mzee akaanza kuvuta pumzi kwa pua. Watu waliozunguka wakanong'ona. Mwenyekiti wa kijiji akaniegemea, "Fundi, huyu mwenzako kazaliwa wapi?" Nikamjibu Mikumi, kwa raha.

Ndipo nikaona. Eliya alishika waya wa kubonyezea kamera, mkono ameuweka nyuma ya mgongo. Akavua kofia. Akasogea pembeni ya kamera, karibu kabisa na mzee, akainamisha kichwa na kunyamaza. Wafugaji wa kule mtoto humwinamia mkubwa, na mkubwa humwekea mkono utosini. Mzee yule alimtazama, kisha uso wake wote ukafunguka, akanyoosha mkono kukigusa kichwa cha yule kijana mkavu. Nikasikia kamera ikilia, ndogo sana. Hakuna mwingine aliyeisikia.

Nilisimama na kitambaa changu cheusi begani. Miaka yote ile. Babu mwenye bega lililokatwa, mkunga, bibi asiye na meno, mama yangu. Wote walikuwa wanaitika salamu. Uso ambao mimi nilikuwa nauacha mlangoni kwa kila mteja, kwa adabu, yeye alikuwa anausubirisha mpaka kwenye kiti.

Picha ile ofisi ya wilaya iliikataa. Bwana mmoja pale alisema mkono wa mzee umetoka mbele na una ukungu, unaonekana kama anaomba kitu. Wakachukua yangu. Nilishinda, na sijawahi kushinda vibaya namna ile. Eliya alipeleka yake Tindiga mwenyewe, akampa mzee, na nasikia iko kwenye ile familia hadi leo. Naam, na kioo chake nani alikitia? Wajukuu waliniletea mimi.

Kwenye lori wakati wa kurudi nilivunja kimya.

"Kumbe dawa yako ni salamu."

"Dawa gani, fundi? Ni salamu tu." Akacheka. "Ila ya kwanza. Ya kwanza ndiyo yenye uso. Ya pili ni mazoea."

"Na watu wanakuita mkavu."

"Wananiita hivyo nusu saa. Picha wanakaa nayo."

"Mimi ni mkubwa wako. Tangu tufahamiane hujanipa shikamoo hata moja."

Akanitazama kama fundi anavyotazama mwanga. "Yako ipo," akasema, na akarudi kwenye nyimbo zake.

Vijana, mngefanya nini na siri hiyo? Mimi nilichukua kamera yangu ya macho mawili, nikapanda hadi Kisanga. Nilimkuta mama uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima: usisalimu, weka kamera kwanza. Nikaingia. Sikusema kitu. Nikasimamisha ile miguu mitatu.

Mama aliinua macho. Alisubiri. Mimi nikaangalia lenzi.

Ungo ukamwanguka. "Nani amekufa?"

Kwetu mtoto akifika kwa mama yake bila salamu, kuna moja tu. Kabeba msiba na hajui aanzie wapi. Hilo sikuliwaza, mimi niliyezaliwa palepale.

"Baba, niambie. Ni Roda?" Roda ni dada yangu, alikuwa ameolewa Kilosa mjini. Nikasema moyoni, kaza, bado kidogo, waya uko mkononi. "Ni Roda? Ni watoto? Stefano, ni watoto?"

Sikuweza. Waya niliutupa, nikainama hadi chini. "Shikamoo, mama. Hajafa mtu. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Marahaba. Marahaba." Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Nami nikiwa nimeinama hivyo niliona miguu yake na maharage yaliyomwagika, basi. Nilipoinua macho uso ule ulikuwepo, umelowa machozi, karibu kuliko nilivyowahi kuuona. Kamera ilikuwa nyuma yangu, inatazama banda la kuku.

Kisha akanipiga kofi la bega. "Umenitisha, mjinga wewe! Ukome!" Akaanza kucheka, tukaokota maharage pamoja. Sikumpiga picha siku ile, na sikumpiga tena. Adabu aliyonitia yeye mwenyewe ndiyo iliyoninyima uso wake. Eliya aliweza kumkalisha kwa sababu hakuwa mwanawe. Hilo nalo nilimwonea wivu, kisha nikajishangaa: namwonea mtu wivu kwa kutozaliwa na mama yangu.

Niseme hapa neno moja la kazi, maana Rajabu atauliza. Usiige. Niliijaribu dawa ile studio pia, kwa wateja wa kawaida. Mzee wa kwanza niliyemkalisha bila salamu aliinuka akaenda zake, na siku ya pili mchungaji alikuja kuniuliza kama nyumbani kwangu kuna amani. Eliya alikuwa na jina la ukavu la kumlinda. Mimi jina langu lilikuwa limeshaharibiwa na heshima. Nikarudi kwenye penseli.

Mama alipofariki, Roda hakuniuliza ni picha gani iwekwe juu ya jeneza. Alikwenda moja kwa moja sebuleni akaishusha ile ya ukutani. Kisanga yote ilipita mbele yake. Walikuwa wakifika pale wanasimama, na wengine, nilisikia kwa masikio yangu, walisema "shikamoo mama" kwa picha. Mzee mmoja wa kanisa akanishika mkono na kusema kwa sauti ya watu wote, "Hakika mtoto amemheshimu mama yake. Tazama alivyompiga." Eliya alikuwa hatua chache nyuma yake, amekuja kuzika, kofia mkononi. Alisikia. Hakusema kitu, aliangalia chini, na hata ule ukimya wake mzuri niliuonea wivu.

"Hapana, mzee," nikasema. "Huyu kapigwa na Eliya wa Mikumi." Maneno yale yalinitoka kama jino.

Baada ya arobaini Roda alinipa ile picha, akasema kioo ni changu, nikae nayo. Nikaitundika sebuleni kwangu. Ndivyo picha ya Eliya ilivyohamia ndani ya nyumba yangu, nami nikawa naamka nayo kila siku.

Sasa nimefika wiki iliyopita. Siku ya kukabidhi ufunguo Rajabu alinunua soda, wateja wa zamani wakaja, na mchana Eliya akashuka kwenye basi la Mikumi. Naye amezeeka, lakini kamera ni ileile, na filamu za rangi nyeusi na nyeupe sijui anazitoa wapi. Sitaki kumuuliza. Akaingia kwenye studio yangu, akawapa mkono vijana, akaniambia, "Fundi, kaa kwenye kiti chako."

"Kiti changu kiko nyuma ya kamera."

"Leo kaa kwenye kile cha wateja." Akamgeukia Rajabu. "Toa hilo jumba." Wakashusha pazia la ngazi na chungu cha maua. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweupe, sikuwa nimeuona miaka mingi.

Nikakaa. Nilijua atakachofanya, na nilikuwa nimeamua. Nitafunga uso. Nitamwonyesha kwamba kuna mtu mmoja katika wilaya hii asiyepigika. Akasimamisha kamera, akaisogeza, akairudisha, akafuta lenzi kwa shati, ukavu wake wote ule ule. Mkono na waya vikaenda nyuma ya mgongo. Akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe tupu. Akaja karibu yangu, akainama, na sauti yake haikuwa ya utani.

"Shikamoo, kaka."

Ilikuwa ya kwanza. Aliitunza tangu siku ile ya kaunta, tangu nilipomwambia karatasi zimekwisha. Nilikuwa nimekaza meno, nimekunja ngumi juu ya mapaja. Lakini nyinyi mmelelewa, mnajua. Shikamoo ya mtu haiachwi chini.

"Marahaba," nikasema. Nikasikia kamera ikilia, ndogo sana.

Juzi dereva wa basi aliniletea bahasha. Nilikata mbao, nikapima kioo, nikafunga kazi ya mwisho ya mikono yangu kabla sijaigeuza picha niitazame vizuri. Ni mama. Mzee mwenye mvi na masikio yangu, lakini uso ni wa mama, uleule, wa mtu aliyepewa kitu chake. Niliutafuta kwake kwa kamera mbili na kofi moja la bega, kumbe nilikuwa natembea nao, na tena aliyeupata ni Eliya. Nilikaa chini nikalia, na sehemu ya kilio kile, niseme ukweli, ilikuwa hasira.

Nimezitundika pamoja. Jana jirani yangu aliingia kuomba chumvi, akasimama mbele ya ukuta akasahau alichokuja kuomba. Akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akaniangalia tena.

"Fundi, hizi umepiga wewe?"

"Vioo," nikamwambia. "Vioo ni vyangu."